Natafuta Baraza

Wale watu wa Wete, hapa Pemba, wanaosema siku hizi nina jeuri, ati nimepita juu ya pikipiki kubwa bila kumjali mtu, nawaomba wanisikilize. Salamu zenu zote niliziitikia, na nyingine nilizitoa mwenyewe kabla hamjafungua mdomo. Kilichonishinda ni kusimama.

Mimi ni fundi pikipiki. Mikononi mwangu zimepita Boxer, TVS, Honda kuukuu zinazorithiwa baba kwa mwana, na vespa za wazee wasiotaka kuambiwa kwamba vespa nayo huchoka. Kwa hiyo msimu wa karafuu, alipotokea Mholanzi mmoja mrefu kama mnara wa taa wa Kigomasha, dude lake linakokoteka na tairi la nyuma limekula msumari, vijana walimleta kwangu moja kwa moja. Nikajifuta mikono taratibu, maana ufundi nao una maringo yake.

Dude lenyewe ni BMW R 1200 GS Adventure. Injini cc 1,170, silinda mbili, moja imechomoza kulia na nyingine kushoto, mtindo ambao BMW waliuanza kwenye pikipiki zao mwaka 1923 na mpaka leo hawajaona sababu ya kuuacha. Mnyororo hamna, nguvu inakwenda nyuma kwa shafti. Tangi lita 30: unajaza Boxer mbili na bado una chenji. Likishiba mafuta linafika kilo 260. Na kiti, jamani, hapo ndipo penye kesi: sentimita 89 kutoka ardhini kikiwekwa chini, 91 kikiwekwa juu. Urefu wangu mimi tuuache. Mke wangu hajawahi kulalamika.

Pancha ilikuwa kazi ndogo. Spoki za rimu ile zimefungwa ukingoni, hazitoboi katikati, kwa hiyo tairi halina tyubu ndani. Unachomoa msumari, unasukumia kamba ya mpira yenye gundi, unajaza upepo, basi. Gurudumu halikuhitaji hata kufunguliwa. Lakini watu walikuwa wameshakusanyika, na nilipoona limeshikwa upande mmoja tu kwa boliti tano kama la gari, nikalifungua. Wakasema “Ah!” Nikalirudisha. Wakasema “Ah!” tena. Siku ingeishia hapo ningekuwa mtu mwingine mjini.

Mgeni alikuwa ng’ambo ya barabara, amegundua haluwa ya Wete. Ameketi mbele ya sahani na kijikombe cha kahawa, na usoni unaona kabisa kwamba safari zake nyingine zote zimeahirishwa. Akaniita kwa Kiswahili chake cha kitabuni: “Bwana fundi, tafadhali uijaribu pikipiki yangu, tuone kama upepo unabaki. Mimi bado ninakula.”

Mbele ya watu wote wale, unamwambia hufiki chini?

Karakana yangu ina ngazi ya saruji mlangoni. Kijana wangu wa kazi akaishikilia pikipiki, mimi nikapanda ngazini, kutoka ngazini nikapanda kitini, na nikajikuta nimekaa juu na miguu yote miwili inaning’inia. Nikawasha. Ukipiga resi ikiwa imesimama, mwili mzima wa pikipiki unajitikisa ubavuni, kwa vile mhimili wa injini unaozunguka umelala kufuata urefu wa pikipiki. Kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, “Fundi, utarudije?” Nikamwambia nitarudi pale pale ngazini. Nikaachia klachi.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa. Pikipiki ile ikishatembea, uzito wote unayeyuka. Hujui umeuacha wapi. Injini iko chini, mzigo uko chini, na usukani ni mpana. Kona za njia ya Konde unaziwaza tu, nayo imeshapinda. Mashimo ninayoyajua kwa majina, yaliyonilipia karo za watoto kwa rimu zilizopinda, yalipita chini yangu nisiyasikie. Shokapu zinayala. Ukikamata breki, pua haizami mbele ukamwaga kichwa. Inatulia tu, kwa adabu. Nikajaribu kusimama juu ya vikanyagio nilivyomwona mwenyewe akifanya alipoingia mjini, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kilicho nyuma ya nyua za makuti. Si vitu vya kuandika. Bibi mmoja anafua alinirushia kata ya maji, nami nikakaa upesi.

Nikafika Bopwe nimeshaanza kujiona mtu wa maana. Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe.

Amesimama kivulini na kikapu chake, buibui limepigwa pasi, anangoja gari ya Konde. Akaniona. Akatabasamu. Akanyoosha mkono kunisimamisha.

Mafundi wa vijiweni watasema: unateremsha kalio upande mmoja, mguu wa kushoto unagusa, hata mtu mfupi anasimama. Nami nilijaribu. Lakini barabara zetu zina mgongo katikati na zimelala pembeni ili maji yaende mtaroni. Ukiegemea kushoto, ardhi nayo inakukimbia kushoto. Nikashusha mguu, nikashusha, nikashusha, kidole gumba kikapapasa hewa, na chini ya hewa ile kuna mtaro wa saruji. Nikauvuta mguu, nikaongeza mafuta.

“Asalaam aleikum, mama!” nikasema, nikapita.

Niligeuza mbele kidogo, penye uwanja, nikarudi kwa nia njema kabisa ya kumweleza. Kueleza huku unatembea si kazi rahisi. Nilipata nafasi ya kusema “Mama, mie…” na nilipogeuza tena nikamalizia “…sifiki!” Kutoka kwake sikusikia kitu. Nilimwona tu amekishusha kikapu na kukunja mikono.

Nikaamua kurudi ngazini kwangu. Nakaribia karakana, naona lori limeegeshwa mlangoni linashusha saruji, ubavu umeifunika ngazi yote. Kijana wangu akanipungia kwa mikono miwili, maana yake nisije. Mgeni, kutoka kwenye haluwa yake, akaninyanyulia kidole gumba.

Basi nikaanza kutafuta baraza. Hesabu yake ni nyepesi: baraza ya nyumba ina kimo cha kiti cha nyumbani, ukiisogelea kwa upande wa kushoto unaweka mguu juu yake, umesimama. Na Pemba baraza hazina idadi. Tatizo ni kwamba jioni inapokaribia, baraza za Pemba zina wenyewe. Ya kwanza ilikuwa na mchezo wa dhumna, na mtu anayekaribia kumaliza humsogezei hata paka. Ya pili kulikuwa na wanachuoni na juzuu zao. Ya tatu ina mbuzi. Huyo nilimpigia honi. Alinitazama akaendelea kutafuna. Nikazidi kwenda kaskazini, mafuta tele, lita 30 zile, ningeweza kuuzunguka mji mpaka kesho.

Kabla ya kufika Konde, kijiji sikitaji, nikaona nyumba imeingia ndani kidogo ya barabara, ina baraza ndefu, na wazee wanne tu wamejipanga upande mmoja na dele la kahawa. Upande wa pili mtupu! Kati ya baraza na barabara kuna kiwanja, na kiwanja kizima kimetandazwa majamvi ya karafuu, ila ujia mwembamba uliosogelea baraza. Nikaingia ujiani kwa gia ya kwanza, pumzi nimeibana, mguu wa kushoto nimeutanguliza. Unyayo ukagusa saruji. Nikabana breki. Nimesimama.

Sijui kama mmewahi kusikia raha ya kusimama. Wazee wakanikaribisha kahawa hapo hapo nilipo, nikanywa juu ya kiti, mguu mmoja barazani. Wakauliza inakula mafuta kiasi gani, nikawaambia. Inakwenda mwendo gani, nikaongeza kidogo. Mmoja akauliza kwa nini sishuki nikakaa vizuri, nikasema hivi karibuni.

Kushuka ilikuwa haiwezekani. Stendi ya ubavu iko kushoto, na kushoto ndipo ilipo baraza. Hakuna nafasi ya kuifungua. Yule babu wa mwisho, mtu mwema sana, aliniona nahangaika na kisigino. Akaweka kikombe chini.

“Ngoja nikupishie nafasi, mwanangu.”

“Babu, hapana, iache!”

Lakini alikuwa ameshaweka viganja viwili kwenye tangi na kuisukuma. Mtu wa karafuu yule, mikono ya kukwea mikarafuu tangu utoto. Pikipiki ikatoka kwenye mwegamo wa kushoto, ikasimama wima, tukawa sote tunaitazama, halafu ikaanza kwenda kulia. Kilo 260 hazianguki, zinahama. Nilipata muda wa kutosha kumwita Mungu, kuona jamvi linakuja, na kutambua kwamba karafuu zile zilikuwa zimeshakauka vizuri, zimeiva rangi, zimebakiza kutiwa gunia tu.

Silinda ile iliyochomoza ina kazi nyingine isiyoandikwa, nayo ni kuokoa miguu ya watu. Pikipiki iliangukia ngao ya chuma na silinda ya kulia, ikabaki imeegemea hivyo, haikulala kabisa. Mimi niliruka nikakaa kitako katikati ya karafuu. Injini ikazima. Karafuu zilizoingia kwenye mapezi ya silinda zikaanza kuungua, na harufu ikapanda kijijini.

“Nani kapika pilau?” akauliza mzee mmoja.

Bi mkubwa mwenye karafuu akatoka ndani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akatazama jua limebakisha kiasi gani.

“Kinyanyueni kwanza hicho,” akawaambia wanaume. “Huyu muacheni hapo hapo, tutakuwa na kazi naye.”

Wakaja wengine kutoka jirani, wakapiga Bismillahi, wakaiinua wakaiweka stendi penye ardhi tupu. Mimi nikapewa ungo. Karafuu za ardhini nizichambue moja moja, mchanga kando, makonyo kando, zilizokatika vichwa kando. “Karafuu isiyo na kichwa mnunuzi anaishusha daraja,” akaniambia Bi mkubwa, “na hizi zilikuwa na vichwa vyake mpaka ulipokuja kuzikalia.” Zile za kwenye mapezi nikazitoa kwa kijiti, babu mwema amenishikia tochi, ananipa pole na ananionesha nilizozisahau.

Niko magotini hivyo, ikasimama gari ya abiria. Akashuka mama mkwe na kikapu chake. Kumbe Bi mkubwa ni mtoto wa mama yake mdogo, na safari yenyewe ilikuwa ya kuja kumsaidia kuchambua karafuu. Pemba hata ukianguka unaangukia kwa jamaa.

Akaja mpaka mbele yangu. Nikatoa shikamoo kutoka chini.

“Marahaba,” akasema. “Kumbe kusimama unajua.”

Akaingia ndani. Nikawasikia wawili wale wanacheka mpaka mmoja wao akakohoa.

Mgeni alifika baadaye kidogo, amepakiwa nyuma ya Boxer na kijana wangu, magoti yake yamefika karibu na masikio. Walikuwa wameuliza njia nzima, na kila walipouliza watu walijua. Akaizunguka pikipiki. Ngao ilikuwa na mkwaruzo, basi. Akavuta pumzi ndefu kwa pua, akaniuliza, “Bwana fundi, kwa nini inanukia vizuri?”

Nikamweleza kuhusu kiti. Akasikitika kweli.

“Lakini kiti kinashuka! Mimi nimekiweka juu. Ungekiweka chini.”

“Kinashuka kiasi gani?”

“Sentimita mbili.”

Wazee wa barazani walinitazama miguu, wakapiga mahesabu yao kimya kimya, wakarudi kwenye kahawa.

Halafu akakumbuka lililotuleta. Tairi je? Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikalibonyeza kwa gumba: gumu, upepo wote umo, hata chembe haijatoka. Akafurahi, akasema ni kazi nzuri, akatoa pochi na kuhesabu ujira wangu, na juu yake akaongeza kitu kwa ajili ya usumbufu. Nikajifuta mkono kwenye suruali niupokee. Mkono wa Bi mkubwa ulitokea nyuma ya bega langu ukafika kwanza.

Akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akanisogezea ungo kwa mguu.

“Sasa zigeuze na zile za jamvi la mwisho,” akasema. “Jua linakwenda.”