Kushoto Kumekufa, Mpwa Wangu Analeta Amplifaya

Mimi jamani sina makuu. Ninachotaka ni sikio la kulia lisikie na la kushoto lisikie, yote mawili, kwa wakati mmoja. Basi. Sitaki besi ya kung'oa meno, wala sina haja ya kumsikia mpiga gitaa akimeza mate. Lakini katika jiji hili la Dodoma, makao makuu ya nchi, kupata iafoni ya bei yangu itakayofika mwisho wa mwezi ikiwa hai pande zote mbili ni shughuli ya kufungua jalada na kusubiri barua. Na mimi nafanya kazi masjala, hiyo shughuli naijua.

Kununua kwenyewe ni tamthilia. Ukifika soko la Machinga, kijana kazitundika iafoni ukuta mzima, nyeupe kwa nyeusi.

"Mzee, hii orijino. Elfu tano, ila kwa vile ni wewe, lete tatu."

Kwa vile ni mimi! Kijana hatujuani, hajui hata natokea mtaa gani, lakini tayari kaniletea undugu wa shilingi 2,000. Ukimuuliza waranti anakujibu haraka, "Ipo mzee, jaribu hapa hapa." Maana yake waranti inaanza ukiiweka sikioni na inakwisha ukigeuza mgongo. Na hiyo ya kujaribia imepita masikio ya nusu ya wakazi wa jiji, kila mmoja kaacha kumbukumbu yake. Anakuwekea wimbo wenye besi ya kufukuza panya, halafu anakukazia macho kusubiri utabasamu.

Boksi nalo lina maneno. Limeandikwa kwa herufi kubwa: 20–20,000 Hz. Hiyo ni mipaka ya sikio la kijana mwenye afya, na kila boksi linaandika hivyo hivyo, la shilingi 2,000 na la 200,000, kwa sababu hakuna anayekwambia sauti imeshuka kiasi gani ikifika huko mipakani. Mimi kwa umri huu zile elfu za mwisho mwisho nilishaagana nazo. Ina maana nalipia sauti ambazo nyumbani kwangu anazisikia mbwa peke yake.

Haya, umenunua, unapanda daladala ya Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Mwanzoni raha. Halafu siku moja, bila barua wala taarifa, kushoto kunakufa. Mara nyingi waya unakatikia pale shingoni mwa pini, unapokunjwa mfukoni kila siku. Hapo ndipo utawaona watumishi wa umma wameinamisha shingo, kidole gumba kimebana pini kwa pembe maalumu, hawapumui. Konda akisema "nauli," mtu anatoa pesa kwa mkono wa pili huku macho kayafumba, asije akapoteza kituo.

Ila kuna kifo kibaya kuliko hicho. Ndani ya iafoni ya kawaida kuna waya wa kushoto, wa kulia, na mmoja wa kurudia ambao pande zote zinautumia kwa ushirika. Ukikatika huo wa ushirika, hakuna upande unaokufa. Kinachotokea ni uchawi: kile kilicho sawa kulia na kushoto kinafutana, unabaki na tofauti zao tu. Sasa mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawa pande zote. Basi anatoweka! Nimesikiliza kwaya nzima kiongozi hayupo, kinanda kinakwenda, makofi yanakwenda, waitikiaji wanaitikia hewa. Nikahamia kwenye taarifa ya habari niliyoipakua. Msomaji yuko peke yake katikati, kwa hiyo hakubaki mtu. Dakika zinasonga kwenye kioo, mimi nasikiliza taifa likiwa kimya kabisa. Jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kuna habari gani, nikamwambia shwari.

Mtu atasema, si ununue zile zisizo na waya. Ninazo taarifa zake. Moja ilidondoka chini ya viti, konda akaikanyaga, akaniambia pole huku anadai nauli. Halafu redio ya kwenye simu hutumia waya wa iafoni kuwa antena. Bila waya inakataa kufunguka. Dodoma Jiji wakicheza ugenini nitasikilizaje? Kweli, hata na waya nikiugeuza mkono huku napata mpira, nikiugeuza kule napata mahubiri, lakini angalau nina uchaguzi.

Sasa katika mateso hayo akaja mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, na wikiendi anakuja kwangu kujisomea jikoni.

"Shikamoo mjomba. Tatizo lako siyo iafoni. Simu yako haina nguvu ya kuzisukuma."

Akatoa kidude cha chuma, kinaingia mfuko wa shati. Amplifaya ya mfukoni. Unaichaji usiku, unaichomeka kwenye simu, iafoni unaichomeka kwenye yenyewe, kila kitu unakifunga pamoja kwa mpira wa noti, unatembea na furushi linaloweza kukusimamisha getini kwa mahojiano. Nikamuuliza bei. Akaanza kwa kunieleza faida, nikajua ni bei mbaya. Eti inafungua jukwaa, yaani kila chombo unakisikia mahali pake. Eti sauti inakuwa na joto. Joto! Dodoma, mwezi wa kumi na moja, mtu anatoa pesa kununua joto!

Nikaivaa. Kabla ya chochote, nikasikia "shhhhhh."

"Hiyo ni hewa ya studio, mjomba."

"Studio gani, wakati wimbo sijaubonyeza?"

Akanyamaza. Ukweli ni kwamba amplifaya ya nguvu nyingi ukiichomeka iafoni nyepesi za kuingia sikioni, inakukuzia hata vumbi lake yenyewe.

Nikachukua kile kikaratasi cha kwenye boksi ambacho watu wote hutupa. Kimeandikwa omu 16, huo ndio ukinzani, na desibeli 105 kwa miliwati moja, huo ndio ukubwa wa sauti. Fizikia ya kidato cha nne haijanitoka yote. Miliwati moja kwenye ukinzani wa omu 16 inataka volti 0.13 hivi. Tundu la simu ya kawaida linatoa nusu volti, mengine volti nzima. Kwa hiyo hiyo nusu volti, kama kikaratasi hakidanganyi, iafoni yangu inapita desibeli 115. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki, na akifika 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Sasa mtoto wa dada anataka kuniongezea nguvu ili nisikie nini, malaika?

Nisimwonee, amplifaya zina wenyewe. Kuna hedifoni kubwa za kufunika masikio, mfano Sennheiser HD 600 zilizotoka mwaka 1997, ukinzani wake omu 300. Hizo zinadai volti za kutosha, simu nyingi huchoka mapema. Lakini kwa bei yake naezeka banda la kuku, na kuku nawapata humo humo. Iafoni zetu hizi ni nyepesi mno kusukuma. Hata wale Wachina wanaosifiwa kwa iafoni nzuri za bei nafuu, akina Moondrop wenye iafoni zao za Chu za dola kama 20, wanazitengeneza ziende na simu bila kubembelezwa. Na zina waya, asante Mungu.

Kinachokula besi ni mpira wa sikioni, ule unaovikwa mdomoni mwa iafoni, tena naomba hili lisikike. Mpira usipoziba tundu la sikio, besi inatokea pembeni inakwenda zake, unabaki na kelele za juu za kukereketa. Ibonyeze iafoni kwa kidole taratibu. Besi ikirudi, kosa ni la mpira. Masikio yangu si pacha, la kushoto linavaa mkubwa na la kulia wa kati, na watu wengi wako hivyo, ila wanavaa ile iliyokuja imevikwa kiwandani halafu wanalaani simu. Tena mpira ukiziba vizuri unapunguza hata sabufa ya jirani, yule bwana anayeanza kupiga muziki tukianza kula na anazima tukianza kuamka. Bila kuziba, unapandisha sauti ishindane na sabufa, na sabufa haijawahi kushindwa na mtu.

Halafu kuna vumbi. Vua ule mpira uinue iafoni kwenye mwanga wa dirisha, utaona wavu mdogo mdomoni. Wangu ulikuwa hauonekani. Nta ya sikio imekutana na vumbi jekundu la Nkuhungu, wamefanya plasta. Nikaielekeza iafoni mdomo chini, uchafu usiangukie ndani, nikasugua polepole kwa mswaki mkavu. Upande niliokuwa nadhani umeanza kuaga ukarudi na sauti yake kamili. Nikafurahi, nikaita watu waje kushuhudia.

"Baba watoto," akasema mke wangu, "huo mswaki ni wa nani?"

Tupite hapo haraka.

Mpwa hakukata tamaa. Akasema iafoni mpya lazima "zizoezwe", zipigwe muziki saa mia bila kuvaliwa. Nikaamka usiku kwenda msalani, nasikia watu wanaimba ndani ya kabati la nguo. Walahi nilishika fagio. Kufungua, iafoni ziko juu ya soksi zangu zinaburudika, simu iko kwenye chaja, mita ya LUKU inahesabu. Nikamwambia kinachozoea ni sikio la mtu, na sikio hilo lilikuwa chumba cha pili linakoroma.

Ikabidi tumalize kitaalamu. Nikamkalisha kwenye kochi, amegeuzia mgongo meza, simu na amplifaya tumezifunika kitenge cha shangazi yake, yaani mke wangu. Kanuni yangu ilikuwa moja: sauti ya simu tupu na ya simu yenye amplifaya ziwe sawa, kwa sababu ikizidi hata kidogo sikio linadanganyika kwamba hiyo ndiyo bora, na hapo ndipo wauzaji wanapopatia chapati. Tukasawazisha mpaka yeye mwenyewe akakubali. Mke wangu akawa ndiye anachomoa na kuchomeka, maana mimi nilishatuhumiwa upendeleo.

Wimbo ukaanza. Mpwa akafumba macho, akatikisa kichwa. "Ndiyo hii. Hii ndiyo amplifaya, shangazi usiiguse. Sikieni nafasi hiyo! Mpiga ngoma kasogea nyuma, kila mtu ana chumba chake."

Mke wangu akainua kitenge. Amplifaya ilikuwa imelala pembeni, imezimwa, na watu wote tulikuwa tukitazama simu tupu.

Mpwa akaitazama muda mrefu. Akasema, "Umeme wa Dodoma mchafu, mjomba."

Kidude kinatumia betri.

Iafoni yangu nikaipeleka kwa fundi simu. Nataka watu waende wakamtazame fundi wa namna hiyo akifanya kazi. Alikata pini ya zamani, akachuna mpira, zikatoka nyuzi nyembamba za rangi, nyekundu, kijani na ya shaba. Mtu wa kawaida angezisokota tu akaungia hapo. Kumbe ile rangi ndiyo kihami chenyewe, asipoiunguza kwanza kwa ncha ya pasi ya risasi, risasi haishiki na umeme haupiti. Akaunguza, kamoshi kakapanda, akagusisha kitone cha risasi, akavika pini mpya na kuikaza gundi shingoni. Aliniambia, "Mzee wangu, ukichomoa shika pini. Usivute waya." Akachukua hela ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi Mtumba, na hakutaja jukwaa wala joto. Kushoto kunasikika, kulia kunasikika, mwimbaji wa kwaya kaacha utoro.

Wikiendi iliyofuata mpwa akaja bila kidude. Nikafurahi, nikadhani kitenge kimefanya kazi yake.

"Nimeiuza, mjomba. Nimepata mteja hapa hapa mtaani, hakuomba hata punguzo."

"Nani huyo?"

"Huyo jirani yako. Kaniuliza ikichomekwa kati ya simu na sabufa inaongeza? Nikamwambia inaongeza."

Na kwa mara ya kwanza tangu aanze mambo yake ya sauti, mpwa wangu alikuwa amesema kweli tupu. Tulipokaa kula jioni ile, vifuniko vya sufuria vilikuwa vinaitikia.