Kwa nini anayeprogramu kwa kupenda tu huishia kwenye Lua

Vijana waliosomea kompyuta hapa Mbeya wana ushauri mmoja kwa kila anayeanza: soma Python, hizo nyingine zitakupotezea muda. Ushauri huo una uzito. Lugha hiyo ya kuprogramu, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, imeenea kwenye takwimu, akili mnemba na madarasa ya vyuo, na karibu kila kazi unayoifikiria kuna mtu alishaiandikia maktaba, yaani msimbo ulio tayari kutumika. Anayetafuta ajira aende huko.

Ila fundi redio anayewasha kompyuta mpakato kuukuu saa tatu usiku, akishafunga kibanda chake Mwanjelwa, hatafuti ajira. Anataka kitu atakachokielewa chote, mpaka chini kabisa. Kwa mtu huyo naona Lua, lugha nyingine ya kuprogramu, inadharauliwa bure.

Lua ina maneno maalumu yasiyofika 25. Muundo wake wa kupanga data ni mmoja, jedwali, nalo ndilo orodha, ndilo kamusi. Msimbo wake wote, ukibanwa, ni kama kilobaiti 400 tu, wakati kisakinishi cha Python cha Windows kinazidi megabaiti 20. Mwenye bando la kubana anaijua tofauti hiyo.

Udogo huo haukuja kwa bahati. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC cha Rio de Janeiro, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Hadi mwaka 1992 Brazil ilikuwa imebana sana uingizaji wa kompyuta na programu, na wateja wao, wakiwemo Petrobras, kampuni ya mafuta ya Brazil, hawakuweza kuagiza kirahisi programu za mahitaji yao kutoka nje. Ikabidi watengeneze wenyewe. Na waliowatengenezea walikuwa wahandisi, watu wasio na ujuzi mkubwa wa kuprogramu. Hili nalirudia kila nikibishana na vijana wetu: lugha hii iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi yake nyingine. Hata kuhesabu inaanza na moja, kama sisi tunavyohesabu magunia ya viazi Uyole, si na sifuri kama Python.

Hasara zipo, na zinauma. Mengi utayaandika kwa mkono, maana maktaba ni chache. Ukikosea herufi ya jina la kigezo, yaani jina linalobeba thamani, Lua hailalamiki, inakupa nil (“hakuna kitu”) na kuendelea. Jirani yangu alikesha siku mbili kwenye programu yake ya kujumlisha magunia, kumbe sehemu moja kaandika “bei” na nyingine “Bei”. Python, ikikutana na jina isilolijua, humsimamisha mtu hapo hapo na kumtajia mstari.

Hata hivyo hakuhama. Nilipomuuliza, alisema kosa lile alilitafuta mwenyewe na akalielewa, kwa sababu lugha nzima ilikuwa imemwingia kichwani. Mwongozo rasmi wa Lua una kurasa zipatazo 100. Aliuchapisha kwenye steshenari ya hapo Kabwe, akautoboa, akaufunga kwa uzi wa viatu, na umeme ukikatika huwa anausoma kwa tochi ya simu.