Mkeka Uliogandishwa kwa Ugali

Sijui nani alinituma niingie kwenye kubeti magari. Mpira wenyewe unanichapa kila wikiendi, lakini Jumapili ile, tarehe 28 Julai 2024, nikaona nibadili upepo. Nikaweka elfu tano kwamba dereva Lewis Hamilton atashinda mbio za Formula 1 za Spa, kule Ubelgiji. Akishinda, elfu arobaini. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliweka elfu mbili kwa dereva mwingine, George Russell, eti kaota. Nilimcheka kuanzia Majengo sokoni mpaka Nkuhungu.

Saa kumi jioni tuko nyuma ya banda la chipsi la mke wangu, simu moja, macho manne. Russell, aliyeanzia nafasi ya 6, akabadili matairi mara moja tu wakati wenzake wa mbele wakibadili mara mbili, akajikuta anaongoza. Hamilton akamfukuza mpaka mzunguko wa 44, akamkosa kwa kama nusu sekunde. Hata chafya hujaimaliza! Nikauchana mkeka wangu, ile karatasi ya kubeti, vipande nikavitupa kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Shemeji hakusema kitu. Alikuwa anacheka kwa mabega.

Usiku naoga, mwanangu akanisomea habari kutoka nje ya mlango. Gari la Russell limenyonywa mafuta, likapimwa: kilo 796.5. Kanuni ilitaka zisipungue 798. Kilo moja na nusu, ambayo muuza nyanya anakupunja huku anakuita mteja wangu, ndiyo iliyomfuta Russell. Ushindi kapewa Hamilton.

Nilitoka na povu masikioni. Baba mzima, taulo kiunoni, tochi mdomoni, mikono kwenye maganda. Vipande vyote vikapatikana, kimoja kimekuwa kama kachori. Gundi hakuna, nikavigandisha kwa ugali wa moto. (Ugali wa mtama usijaribu, haushiki.) Kisha nikaenda kwa muuza mishkaki, nikaagiza thelathini kwa mkopo, nikalisha mpaka watu nisiowajua. Shemeji nilimpa mitatu ya rambirambi. Akala taratibu, akaomba na pilipili.

Jumatatu asubuhi, dada wa dirishani aliushika mkeka wangu kwa ncha za kucha.

"Kaka, huu umefanyaje?"

"Ulichanika."

"Mbona yote huchanika."

Akaingiza namba. Nimeliwa. Nikapandisha sauti: dunia nzima inajua Hamilton kashinda! Hakubishana. Akanionyesha karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani, karatasi ambayo nimeiegemea miaka miwili bila kuisoma. Mbio za magari hulipwa kwa matokeo ya jukwaani, wakati wa kupokea vikombe. Adhabu au kufutwa kunakokuja baadaye hakubadili malipo.

"Pale jukwaani, namba moja alisimama nani?"

"Russell," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

"Basi. Hizo kilo zinabadilisha pointi zao za ubingwa huko. Mimi dirishani nilishafunga hesabu."

Nikabaki nimesimama, nabandua punje ya ugali kwenye kidole, nikiwaza mishkaki thelathini. Nyuma yangu mtu akakohoa. Shemeji. Mkononi ana mkeka wake, umenyooka kama noti ya benki, kautia kwenye nailoni.

"Samahani shemeji," akasema, kwa heshima zote. "Naomba nipite."