Pafu la mtoto litazamwe tena na tena

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba ultrasaundi haina kazi kwenye mapafu, kwa kuwa hewa huyarudisha mawimbi ya sauti. Ni kweli kwa pafu lenye afya. Likiugua, maji au usaha hushika nafasi ya hewa, na mawimbi yakapata njia. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein alilishikilia jambo hili, na mwaka 2008 akachapisha utaratibu wake kwa wagonjwa mahututi watu wazima. Kwa mtoto kazi ni nyepesi zaidi: kifua chake ni kidogo, ukuta wake mwembamba, na sehemu ya mifupa yake bado ni gegedu laini linalopitisha mawimbi.

Watu hubishana kama ultrasaundi inagundua nimonia vizuri kuliko eksirei. Mimi naona faida yake kubwa iko baadaye, wodini. Mtoto ameanzishiwa dawa, siku ya tatu homa haijashuka. Je, dawa imeshindwa, au maji yamejikusanya nje ya pafu? Eksirei inaweza kuonyesha weupe tu upande mmoja, usijue ni pafu lenyewe au ni maji. Ultrasaundi hutenganisha hayo mawili. Huonyesha pia kama maji ni mepesi au yamekatwakatwa na nyuzi kama vyumba vya sega la nyuki, na wapi mrija wa kuyatoa uingie salama. Kesho inarudiwa, mtoto akiwa amepakatwa na mama yake, bila mionzi hata chembe. Kurudia huko ndiko ninakokutetea.

Mipaka ipo, na nisingependa ifichwe. Kidonda kilicho katikati ya pafu, kisichofika ukingoni, hakionekani. Picha peke yake haiamui kwa uhakika kama ni virusi au bakteria, kwa hiyo isiwe kisingizio cha kutoa antibayotiki ovyo. Na mtoto anayebonyea kifua kwa kuhangaika kupumua apewe oksijeni kwanza, mashine baadaye.

Nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 mwaka 2019. Kwa hiyo inaniuma mashine ikifungiwa chumba cha picha, ilhali anayemtibu mtoto hajafundishwa kuishika. Afundishwe, asimamiwe na mzoefu mpaka mkono wake uaminike, na kila siku aandike alichokiona na mahali alipokiona, ili kesho awe na cha kulinganisha.