Kabla ya Kusema Karuho, Pimeni Mkojo

Mama mdogo alianza kuvimba machoni. Asubuhi anaamka kope zimejaa kama za mtu aliyelia usiku kucha. Jioni uvimbe umeshuka miguuni, ukimbonyeza muundi kwa kidole, shimo linabaki pale pale. Hapa Bukavu uvimbe wa namna hiyo una majibu yake tayari. Wa kwanza akasema karuho, amelishwa sumu. Wa pili akasema hiyo ni bwaki, uvimbe wa kukosa chakula chenye protini, ale nyama kwa wingi. Tukampeleka kwa mtu wa dawa za kutapisha, kule juu Kadutu. Majuma matatu yakapotea, pesa ya kodi ikaisha, na jirani tuliyemshuku hadi leo hatusalimiani vizuri.

Aliyetutoa gizani ni muuguzi mmoja aliyeuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: mama, mkojo wako unatoa povu? Akachovya kwenye mkojo bandeleti, kijiti chembamba cha kupimia. Kile kipande cha njano cha kupima protini kikageuka kijani. Akakiweka kando ya rangi zilizo kwenye kopo, akatuonyesha, halafu akaandika karatasi ya labo.

Protini iliyokuwa ikipotea, nyingi yake ni albumini. Ini ndilo linaloitengeneza, gramu 10 hadi 15 kila siku kwa mtu mzima, na kazi yake mojawapo ni kushikilia maji ndani ya mishipa. Figo nzima haiiachi ipite ovyo. Chujio la figo likiharibika, mtu anaweza kupoteza zaidi ya gramu 3.5 za protini kwa siku, figo nazo zinabakiza chumvi, maji yanahamia machoni na miguuni. Bwaki ya mtoto ni jambo jingine: hapo chakula ndicho kimepungua. Na kuna ugonjwa wa tatu, ini lenyewe likichoka.

Huo niliuona kwa baba mmoja wa mtaani kwetu. Tumbo lilijaa maji, mikono imebaki mifupa. Kisha akili ikaanza kuyumba: analala mchana, usiku anatembea, anawaita watoto kwa majina yasiyo yao. Protini ikivunjwa mwilini na tumboni hutoa amonia, nayo ni sumu kwa ubongo. Ini zima huigeuza kuwa urea, figo zinaitoa kwa mkojo. Ini lake lilikuwa limeshindwa. Familia ikaambiwa imwondolee maharagi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mayai, kila kitu chenye protini. Akabaki na bugali na mchuzi. Hilo linaniuma mpaka sasa, kwa sababu misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na yeye alikuwa anaimaliza kwa njaa. Mgonjwa wa ini anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, hata akili ikiyumba. Dawa yake ni laktulozi, ili tumbo liitoe ile amonia kwa choo.

Kwa figo zilizochoka mambo yanageuka. Urea inarundikana, hamu ya kula inakwisha, kichefuchefu kinaanza. Huyo ukimshindilia nyama unamwongezea mzigo. Akianza kusafishwa damu kwa mashine, shauri linabadilika tena: anahitaji protini zaidi, maana mashine nayo inampotezea.

Kwa hiyo mtu akiniambia “aliyevimba ale nyama” au “aliyevimba asiguse nyama”, namuuliza: mmepima nini? Naomba kila kituo cha afya cha mtaa kiwe na kopo la bandeleti mezani, na mgonjwa yeyote aliyevimba achovyewe mkojo siku hiyo hiyo, kabla hajatajiwa adui. Kile kipimo kilitugharimu kidogo sana kuliko tulichoacha Kadutu.

Mama mdogo bado yuko kwenye dawa. Sambaza anakula, kwa kiasi. Chumvi ndiyo amekatazwa, na kila jioni analalamika kwamba sombe, majani ya muhogo, haishuki.