Mama Mkwe na Zipu ya Mgongoni

Kwetu Nungwi maji yana joto la nyuzi 25 na zaidi, kijana anapiga mbizi na kaptula yake na hakuna anayemshangaa. Hapa Leicester, Uingereza, tunazamia Stoney Cove, machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, ambayo wakati wa baridi hushuka hadi nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana nikatafuta draisuti, vazi lisiloingiza maji, unavaa nguo nzito ndani yake na kuibuka mkavu.

Muuzaji aliniazima mbili nikajaribu nyumbani. Moja nyepesi, zipu yake inakata mgongoni bega kwa bega. Ya pili ya neoprini, aina ya mpira mnene, nzito, zipu iko mbele. Akanisisitizia: vaa na zile nguo za ndani, chuchumaa, nyanyua mikono.

Nikaanza na ya mgongoni. Shingoni ni mpira mwembamba unaokaba, bila poda kichwa hakipiti. Nikajimwagia poda, kikapita. Mke wangu akafunga zipu, akatazama saa, "Watoto!", akatoka mbio kuwafuata shule.

Nikachuchumaa, sawa. Nikanyanyua mikono, sawa. Kisha chai ya tangawizi ya asubuhi ikaanza kudai njia. Zipu naigusa kwa ncha ya kidole tu, na zipu zile ni ngumu makusudi, hazipitishi hata hewa. Nyumbani tumebaki mimi na mama mkwe, mgeni wetu kutoka Unguja, ambaye hata kula mbele yake naona haya.

Nikasimama mlangoni kwake nikikohoa.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

Nikaingia: uso mweupe pe, mwili mweusi mpaka nyayoni, macho yamenitoka kwa kukabwa.

"Audhubillahi!" Tasbihi ikaruka.

"Ni mimi, mama. Naomba unifungulie mgongoni."

"Nani kakufunga?"

"Mwanao."

Akanitazama kwa huruma. Akashusha sauti. "Mmegombana?"

Nikajaribu kueleza habari za Stoney Cove huku nimebana miguu. Hakuelewa, lakini aliona hali. Akaniegemeza goti kiunoni, akapiga bismillahi, akavuta. Zipu ikafunguka; kichwa kikakwama shingoni, nikawa namshukuru kutokea ndani ya mpira. Akakivuta nacho.

Chooni niliwahi. Tuishie hapo.

Nimenunua ya zipu ya mbele, uzito wake na yote. Ila mama mkwe alikuwa ameshapiga simu, na kufikia magharibi mashemeji wa Unguja walikuwa wananiuliza mmoja mmoja, kwa adabu kubwa, kama nimeshafunguliwa.