Rangi isubiri, fungua kwanza sanduku la karatasi

Ukipita mitaa ya Temeke au Kinondoni utayakuta maandishi yaleyale ukutani, rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza chini yake: ogopa matapeli. Asiyekaa mitaa hiyo hudhani yanawalenga wezi wa mbali, na kweli wapo watu wanaouza nyumba wasiyowahi kuweka hata tofali moja. Ila sisi tunaokaa huku tunajua kwamba mara nyingi aliyeyaandika anamwandikia ndugu yake wa tumbo moja.

Sisi wenyewe tulikaribia kuandikiana. Baba alipofariki, tuliokuwa Dar tulikubaliana nyumba iuzwe, Mama ahamie Morogoro kwa dada. Tukaona kazi ya kwanza ni kuipendezesha. Tulinunua rangi ya krimu, tukabadilisha vitasa, tukaita gari la maji taka likanyonya karo, tukamlipa kijana afyeke uwani. Dalali alituhakikishia kwamba nyumba ikishapakwa rangi inajiuza. Hiyo ilikuwa Desemba. Hazikupita wiki tatu mteja akaja, tena fedha anazo, akauliza jambo moja tu: hati ina jina la nani?

Ilikuwa na jina la marehemu. Mirathi hatukuwa tumeifungua.

Tangu siku ile msimamo wangu ni huu: nyumba huandaliwa kwa sauti za watu wake na kwa karatasi zake, rangi huja mwisho. Marehemu hauzi. Lazima familia ikae, muhtasari wa kikao uandikwe, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, kisha msimamizi huyo asajiliwe kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu. Hapo ndipo anaweza kumsainia mnunuzi. Na kila hatua ina mlango wake wa kukwama. Kwetu ilikuwa herufi. Kwenye barua ya toleo, ile ya kumilikishwa kiwanja tunayoiita ofa, jina la baba liliishia na "i". Kwenye cheti cha kifo hiyo "i" haikuwepo. Kwa herufi moja tulikwenda kwa wakili kula kiapo kwamba huyo ni mtu mmoja, tukarudishwa, tukaenda tena.

Lakini karatasi haikuwa kosa letu kubwa. Kosa kubwa lilikuwa Mama. Tulimweleza, hatukumuuliza. Kwenye kikao cha familia alikaa kimya hadi kila mtu akamaliza, halafu akasema, "Mmenunua rangi, hata rangi gani sikuulizwa." Hakuna aliyemjibu. Ile nyumba alibeba maji ya kuchanganyia zege yake akiwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na wanasheria hulikumbusha hilo kila siku. Ajabu ni kwamba mwenza akishafariki, watoto tunajiona tumerithi hata ile haki ya kuamua, na mjane anageuzwa mzigo wa kuhamishwa pamoja na makabati. Naliona hilo ni dhuluma, na nalisema nikijua nilikuwemo. Ilibidi turudi nyuma, tuanze na yeye: anataka kuuza? Atakaa wapi, na kwa fedha ipi iliyo mikononi mwake mwenyewe? Alikubali, kwa sharti kwamba sehemu yake iingie benki kwa jina lake siku ileile.

Vilevile wapangaji. Banda la uani lilikuwa na mama mmoja na wanawe wawili, kodi ya miezi sita ameshalipa. Habari ya kuuzwa alipokaa aliipata kwa dalali aliyekuja kupiga picha. Mpangaji huyo alistahili kusikia kwetu mapema, na kurudishiwa miezi aliyobakiza bila kuombaomba.

Mpaka karatasi zikakaa sawa, masika yalikuwa yamepiga. Mteja wa pili alikuja na mkewe. Mume aliangalia juu, bati na dari. Mke alichuchumaa chini ya dirisha la sebuleni, pale rangi yetu ya krimu ilipovimba kama ngozi iliyoungua, akakwangua kwa ukucha. Ukamwagika unga mweupe hadi kwenye sakafu. Akajifuta kidole kwenye kanga, akamwambia mumewe, "Twende."

Chumvi ya ukutani kila mwenye nyumba Dar anaijua, na kila fundi anajua rangi haiiponyi. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, unabeba chumvi, unaitema usoni pa lipu. Dawa ni kubomoa lipu ile, kuuacha ukuta ukauke vya kutosha, ndipo upige lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Ni gharama na ni muda. Kama huna, basi mwonyeshe mnunuzi na mpatane bei. Kuificha ni kumuuzia mwenzako ugonjwa, tena atakayeugundua mvua ya kwanza ni yule mliyekunywa naye soda mkisainiana.

Mengine ni ya kufuatilia tu: pango la ardhi, ile kodi ya kiwanja ya kila mwaka, lisiwe na deni, bili ya maji iwe safi, mawe ya mipaka yaonekane. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, hiyo haisumbui sana. Risiti usizitupe. Ukiuza nyumba uliyoijenga mwenyewe, Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa kawaida hukutoza 10% ya faida, na faida haijulikani bila gharama. Ile risiti ya nondo iliyofifia kwenye kopo la biskuti inaweza kukuokolea fedha.

Mwezi uliopita mzee jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliniita barazani. "Mwanangu, nipe namba ya yule fundi wenu wa rangi, nataka kuuza." Nikamwamkia, nikakaa, nikamwomba kwanza alete ofa yake. Aliitoa kwenye mfuko wa rambo, imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imeshaanza kuachana. Miliki ya miaka 33, kuanzia 1991. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akahesabu kwa vidole. Muda ulikwisha 2024, naye hakuwahi kuomba uongezwe.

Aliita mkewe jikoni, akamsomea tarehe. Kesho yake asubuhi tulikuwa watatu kwenye benchi la ofisi ya ardhi, mama ameshika rambo ile mapajani kwa mikono miwili.